Wino wa Kijani Kwenye Kadi za Lontxo

Mimi sipokei kitu bila kukigeuza nyuma. Muuza jibini akinipimia, natazama kidole chake kiko wapi. Mume wangu akirudi mapema kutoka kwenye mchezo wa karata, nauliza ni nani kagombana. Ndiyo maana chama chetu cha wapanda milima cha Urkiondo kilinipa kazi ya kukagua kadi, na kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyeniingiza mjini.

Kwetu kila kilele kina kisanduku cha chuma. Kingine kimeundwa mfano wa nyumba ya shamba, kingine mfano wa roketi. Ukifika juu unaacha humo kadi yenye jina lako na la chama chako, na anayepanda baada yako anaichukua na kuituma kwa posta. Kadi ikirudi, ulifika. Isiporudi, una maneno matupu. Vilele mia moja tofauti, kadi mia moja, na jina lako linachongwa kwenye ubao wa mwaloni ukutani kwetu. Masharti ni mawili tu: kadi isirudishwe na mwanachama mwenzako, wala na ndugu yako.

Lontxo Aizarna alilitaka jina lake kwenye ubao ule. Hakusema, lakini kila alipoingia ofisini aliutazama ubao kwanza kabla ya kututazama sisi. Alikuwa na miaka sabini na moja. Maisha yake yote alikuwa fundi wa mashine ya kukereza vyuma, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vilibaki kiwandani. Goti lake la kulia lilikuwa likilia akipanda ngazi zetu, na ngazi zenyewe ni kumi na nne. Hakuoa. Alikaa juu ya duka la viatu, akila maharagwe yake meusi saa saba kamili mchana, na hakuna aliyewahi kumwona na mgeni. Alipostaafu tulidhani atakwenda kwenye benchi la mbele ya kanisa kuwasema watu kama wenzake. Akanunua buti. Tangu hapo kila Jumanne, mvua au jua, kofia yake bapa kichwani, alikuwa mlimani.

Kadi zake zilirudi zote, na hapo ndipo mdudu aliponiingia. Kwa mtu mwingine yeyote, katika kadi tano moja hupotea. Huloa, au mpandaji mvivu huisahau mfukoni mpaka inafuliwa pamoja na suruali. Za Lontxo hazikupotea hata moja. Zilirudi ndani ya siku mbili, kwa mwandiko mmoja, wino wa kijani, bila jina la aliyezirudisha, na muhuri wa posta ya Aldabide, mji wa bonde la pili. Nikazigeuza nyuma. Kulikuwa na maneno ya penseli, mkono wa Lontxo mwenyewe: "Jumanne ijayo: Txindoki." Nyingine: "Jumanne ijayo: Adarra. Chemchemi imekauka, beba maji."

Nani huyo anaambiwa abebe maji?

Karata zetu za mus huchezwa wawili kwa wawili, na mwenzako akiwa na wafalme wawili anakung'atia mdomo upate kujua. Mimi ishara naijua nikiiona. Nikasema mzee kapata mtu wa kumpandia. Anakaa nyumbani na goti lake, mwenzake anapanda na kadi mfukoni, anairudisha, na sisi tunapiga muhuri kama wajinga.

Sabin, mwenyekiti wetu, alicheka nilipomweleza. "Wewe Garbiñe, siku ukifika mbinguni utamkagua Petro funguo zake."

Lakini naye lilimkaa. Akaniambia kama ni kweli, kadi za Lontxo zifutwe kabla ya karamu ya Desemba, majina yanapochongwa. Mzee alikuwa amefikisha kadi tisini na moja.

Jumanne moja ya Septemba niliomba ruhusa dukani, nikapanda kabla yake kilele alichokiandika. Nikajibanza nyuma ya mawe na mkate wangu wa mayai, nikingoja kumwona mtu wa kukodiwa. Saa tano akatokea Lontxo mwenyewe, jasho likimtiririka, akishika majani ili kulivuta lile goti. Alitia kadi kisandukuni, akakifunga, akakaa kula tofaa. Kisha akateremka. Niliona aibu, sitaficha. Lakini shaka haikutoka, ilihama tu.

Nikaendelea kungoja. Baada ya saa nzima akapanda mzee mwingine kwa upande wa pili, mrefu, mkubwa kidogo kwa umri. Alikwenda moja kwa moja kisandukuni, akaichukua kadi, akaivalia miwani. Kisha akatoa kalamu. Nilijitokeza.

"Wewe ni nani wake?" nikamuuliza.

"Tulikuwa majirani zamani."

Masikio yale yale ya Lontxo, makubwa, yamesimama kama mikono ya kikombe. Nikamwambia asinifanye mtoto. Akakaa juu ya jiwe, akanieleza kwa maneno machache, huku akiishika kadi kana kwamba nitamnyang'anya. Jina lake Hilario, na Lontxo ni mdogo wake. Mama yao alipokufa, malisho ya nyumbani yalikuwa yauzwe. Lontxo alimtumia salamu kwamba kutia sahihi ni Ijumaa. Ijumaa alipofika na koti lake jipya, malisho yalikuwa yameuzwa tangu Alhamisi. Lontxo alisema ni wakili aliyebadili siku. Hilario hakuamini. Hawajasemezana kwa miaka thelathini na mmoja.

"Halafu nikakuta kadi yake ya kwanza kwenye kilele cha Ernio," alisema. "Nikairudisha, basi tu, kama ya mtu yeyote. Siku nyingine nimepanda Ernio, nikakuta nyingine. Imeandikwa nyuma: Jumanne ijayo, Adarra."

Nilikumbuka. Lontxo alipanda Ernio mara mbili ingawa ya pili haihesabiki, na mimi nikashuku ameanza kuchanganyikiwa.

Nikamwambia Hilario kanuni inakataza ndugu kurudisha kadi.

"Basi kamuulize yeye kama ana ndugu," akasema, akavua miwani.

Nikamuuliza. Alhamisi ile Lontxo alipanda ngazi zetu kumi na nne, nikamwekea kadi mezani, wino wa kijani juu. Mzee, una ndugu? Aliitazama kadi, akautazama ubao. "Sina," akasema. Kwa kinywa cha mwenye kadi, hakuwa na ndugu. Nilipiga muhuri. Sikupenda, lakini nilipiga, na Sabin nilimwambia sikuona kitu.

Kadi ya tisini na tisa ilirudi mwanzoni mwa Novemba. Nyuma yake: "Jumanne ijayo: Arranbeltz. Usipite kusini, mvua imekula njia. Pita msituni, ni mbali lakini ni salama." Arranbeltz ndicho kilikuwa cha mia.

Lontxo alipanda, akashuka. Kadi haikurudi.

Wiki ya kwanza tulisema posta. Wiki ya pili kilabuni walianza kung'ong'ona kwamba mzee hakufika, na Sabin, niliyemtia shaka mimi mwenyewe, akasema lisemwalo lipo. Lontxo alikuja kila siku. Hakukaa, alisimama mlangoni akinitazama mikono. Siku ya kumi na sita akaniambia kwa sauti ndogo, "Binti, wino wa kijani haujafika?"

Nikamjibu bado, na karamu ipo mbali, ubao utangoja.

"Siulizi ubao," akasema.

Jumapili nilipanda Arranbeltz kwa njia ya msituni. Kisanduku kilikuwa na kadi moja, imelowa pembeni. Nikaigeuza. "Jumanne ijayo: sijui. Chagua wewe."

Hakuna aliyekuwa amepanda. Nilijua nikiichukua naiharibu, maana mimi ni mwanachama, na kadi iliyoshikwa na mwanachama haina thamani. Niliitia mfukoni, nikateremka mbio kwa njia ambayo hairuhusu mbio. Lontxo alikuwa mezani na maharagwe yake. Niliiweka kando ya sahani. Aliitazama, akaelewa ni nani hakufika. Akasukuma sahani, akavaa kofia, na tukaingia kwenye gari langu kwenda Aldabide.

Jirani yake Hilario alituambia yuko hospitali. Kuteleza mlimani, nyonga imevunjika, mchungaji wa kondoo ndiye aliyemkuta. Na kwa umri ule, akasema, hawajui.

Kwenye mlango wa wodi nesi alituzuia. Haikuwa saa ya kuona wagonjwa, na nje ya saa huingia ndugu tu.

"Wewe ni ndugu wa mgonjwa?" akamuuliza.

Lontxo alinigeukia mimi. Alijua ni nani aliyesimama hapo: mkaguzi wa kadi, mwenye muhuri. Kadi zake tisini na tisa zote zilikuwa za wino mmoja.

"Ndiyo," akasema. "Mimi mdogo wake."

Nesi akafungua. Niliwafuata mpaka mlangoni, maana mimi ndivyo nilivyo. Hilario alikuwa amelala, uso umepungua, masikio yakiwa yale yale. Lontxo alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi.

"Nilikuandikia usipite kusini."

Hilario alitazama ukuta. "Uliandika."

"Sasa?"

"Nilishuku. Nilidhani unanizungusha tena."

Lontxo hakusema kuhusu wakili wala Alhamisi. Alivuta kiti, akakaa na goti lake limenyooka, akaiweka ile kadi juu ya blanketi. Hilario aliomba miwani. Aliisoma mbele, akaisoma nyuma, muda mrefu kuliko maneno yenyewe yalivyotaka.

"Jumanne," akasema, "niletee maharagwe. Hapa wanapika maji."

Nilizifuta kadi zote, kwa mkono wangu. Sabin alinisihi nifumbe macho, akasema hata shetani ana likizo. Nikamwambia nimesikia kwa masikio yangu, kinywani mwa Lontxo, kwamba yule ni ndugu yake, na kanuni ni kanuni. Kwenye ile karamu ya Desemba ubao haukuongezewa jina. Niliumia, na nilikula chewa wangu bila ladha. Lontxo hakuja kabisa, kwa kuwa ilikuwa Jumanne.

Machi akanunua paketi mpya ya kadi, akaanza tena kutoka moja. Ya kwanza ilirudi baada ya wiki tatu, imekunjamana, imetumwa na mwanamke nisiyemjua, wino mweusi. Nikaigeuza nyuma. Hakukuwa na neno. Habari za Jumanne ijayo sasa alikuwa akimwambia kaka yake kwa mdomo. Niliigeuza tena kuhakikisha, kisha nikapiga muhuri.