Kaburi Lililokuja na Nyumba

Nyumba ninayokaa niliinunua mnadani, na sioni haya kulisema. Mwizi huingia dirishani. Mimi niliingia mlangoni, mchana, na stakabadhi mkononi.

Nilitoka Biharamulo baada ya mume wangu kufariki. Wanangu wako Mwanza. Kila mmoja alinitaka kwake, na kila mmoja alikuwa na kachumba kalikojaa magunia. Nikawaambia mimi si gunia. Nikauza ng'ombe wetu, nikaja Ngara, mji niliouzoea tangu nikileta maharage sokoni. Nilitaka nyumba yangu mwenyewe, iliyo karibu na hospitali, nisimwombe mkwe maji ya kuoga.

Tangazo lilibandikwa ukutani kwenye ofisi ya kata. Mimi husoma polepole, kama mtu anayechambua mchele, lakini nasoma. Nyumba ya bati, vyumba vitatu, pembezoni mwa mji, inauzwa kwa amri ya baraza la ardhi kwa sababu mwenyewe hajalipa pango la ardhi kwa miaka mingi. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja aliyefiwa na mkewe. Kosa lake lilikuwa la watu wengi: kila aliponunua umeme aliona amekatwa kodi, akasema, serikali imeshakula, imeshiba. Hakujua ile ni kodi ya jengo. Ardhi iliyo chini ya jengo ina kodi yake, ndilo pango, na hiyo hailipwi kwenye umeme. Zikaja barua za kumwonya, akazichomeka darini. Akaitwa barazani, hakwenda. Mtu anayejua kwamba amelipa anakwenda kufanya nini?

Siku ya mnada majirani walijaa, mikono wameificha kwapani. Hakuna aliyeinua hata kidole. Tulioshindana ni mimi na mfanyabiashara mmoja aliyetaka kubomoa ajenge ghala. Dalali alitaja vyumba, akataja bati, akataja choo. Nikashinda. Mnadani unalipa sehemu palepale, na iliyobaki unapewa siku za kuileta. Ukishindwa, ile ya kwanza imekwenda na nyumba inarudi kuitwa bei. Mimi nilileta yote. Deni likakatwa, dalali akachukua chake, kilichosalia akapewa mzee. Akakitia mfukoni bila kukihesabu, akapanda bodaboda kwenda kwa binti yake huko Kibimba.

Nilipozunguka nyuma kukagua mali yangu, nikakuta kaburi kwenye migomba, limesakafiwa vizuri. La mke wake. Hilo dalali hakulitaja.

Kwa desturi ya huku, ukiingia nyumba mpya unawanywesha majirani. Nikapika pombe ya ndizi, nikafagia uwanja, nikaweka chungu katikati na mirija yake, nikakaa kwenye kigoda nimevaa kitenge kipya. Jua likapanda, likashuka. Watu walipita njiani wakinisalimu, "Shikamoo, mama," nikijibu marahaba, na hakuna aliyekanyaga uwanja wangu. Jioni nilivuta mrija mmoja peke yangu, iliyobaki nikaimwagia migomba.

Nikaizoea hali hiyo kama mtu anavyozoea jino bovu. Lililonitisha lilikuwa jambo moja tu. Huku mtu huzikwa na kikundi chake cha kuzikana. Wao ndio wanachimba, wanabeba, wanapika, wanalala matanga. Asiye na kikundi huzikwa kama mbwa wa barabarani. Nikaenda kwenye mkutano wao. Mwenyekiti ni mama mmoja muuza dagaa, na nyumba yangu anaiona kutoka kwenye genge lake.

"Nimekuja kujiandikisha," nikasema.

"Unakaa wapi, mama?"

"Unapajua."

"Pale napajua kwa mzee. Kwako sipajui."

Wenzake wakacheka chinichini.

"Nimelipa kila shilingi," nikasema. "Ningekaa kimya, leo pale pangekuwa ghala."

"Basi ukifa mwite dalali akuzike."

Nikarudi kwangu kichwa juu. Nikafunga mlango, jua bado liko juu.

Kaburi nikawa nalipalilia. Si kwa mapenzi. Sipendi uchafu nyumbani kwangu. Lakini siku zilikuwa ndefu, na yule mama wa kwenye migomba ndiye jirani pekee ambaye hakunipa kisogo.

Siku moja mzee mwenyewe alikuja. Akapiga hodi kwenye mlango alioutundika kwa mikono yake. Nikampeleka nyuma. Akalizunguka kaburi, akaona hakuna hata jani la gugu. Kando ya kaburi palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na mgomba haujapandwa pale.

"Bado wanakukata kwenye umeme?" akaniuliza.

"Wananikata. Na pango nalipa."

"Basi wewe una akili."

"Sina akili, mzee. Nimesomea kwako."

Akacheka mpaka akakohoa. Hakuniomba kitu. Aliaga kwa mikono miwili.

Masika yalipoanza, mwenyekiti wa kikundi akasimama njiani mbele ya uwanja wangu.

"Hodi."

"Karibu ndani."

"Hapa panatosha, mama."

"Hapo mimi sikusikii."

Akaingia. Nikampa kigoda. Akasema mzee amefariki kwa binti yake, na alikuwa ameomba alazwe kando ya mkewe. "Kwa karatasi ardhi ni yako," akasema. "Ukikataa hatuna pa kukushitaki."

 Nilijua kiwanja chenye makaburi mawili hakuna atakayekinunua, wanangu watanilaumu. Nilijua pia huyu mama hajawahi kunitazama usoni kabla ya siku ile.

"Mtamzika," nikasema. "Na mimi mtanizika. Niandike."

"Hiyo sasa ni biashara, mama."

"Ni biashara. Kaburi la kwanza niliuziwa bila kuambiwa. La pili nauza mwenyewe."

Akainuka kwenye kigoda. "Una sufuria kubwa?"

"Ninazo."

Wakaja. Uwanja ulijaa, jikoni hapapitiki. Nilipika pombe, safari hii chungu kikaisha. Nikamsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Huo mlango unakwama, uinue kidogo." Mlango wa jikoni nilikuwa nikipigana nao kwa bega tangu nihamie, na wao wote walijua dawa yake.

Matanga yalipoanuliwa, kila mtu akabeba mkeka wake na kisu chake. Mwenyekiti alinipungia mkono kutoka njiani. Uwanja ukawa mweupe tena, nikabaki na makaburi mawili na sufuria za kuosha.

Sasa nimeandikwa. Penye msiba naenda kumenya ndizi. Wananipa kisu, wananisogezea nafasi, mazungumzo wanaendelea nayo kwa Kihangaza, lugha ya kwao. Kwangu hakuna anayekuja kukaa tu. Lakini najua watakaonichimbia, nami nimewaonyesha mahali. Jioni nikirudi kutoka kwenye migomba, nauinua mlango kidogo, unafunguka.