Ua Lililobaki Ndani ya Mashine

Fundi wa kompyuta hupuliza ncha ya waya kabla ya kuuchomeka, kama anapoza chai, kisha huisemesha kompyuta: "Haya bibie, umemwona mgeni?" Bibie hajaona kitu. Mteja wake, aliyeleta mashine ya kudarizi ya marehemu mama yake ili ua la mwisho alilobuni mama huyo lihamishiwe kwenye kompyuta kabla mashine haijakata roho, haelewi kitu hata kimoja. Draiva, programu ya kuifanya kompyuta iutambue waya wa mashine, imewekwa, imefutwa, imewekwa tena, na alama ya njano ya hitilafu bado imeganda kwenye skrini. Mteja anamwomba Mungu kimoyomoyo, bila kujua aombee waya au kompyuta.

"Kumbe draiva mpya inaukataa waya wa zamani," fundi ananong'ona, akijikuna kidevu kwa bisibisi. "Tujaribu ile ya kale." Anafuta, anaweka, anapuliza, anachomeka. Alama ya njano inatoweka, na faili la ua linatokea kwenye skrini. Fundi, ambaye tangu asubuhi hakuruhusu mtu aguse meza yake, anafuta kipanya kwa pindo la shati na kumsogezea mteja.

"Lifungue wewe, dada. Mimi sikumjua marehemu."