Salamu za Mkurugenzi Mpya

Sijui kama jambo hili linastahili kuandikwa. Mimi niliishia darasa la saba, na kuandika kwangu ni kwa kujiliwaza nikitoka kazini, kabla sijabandika sufuria. Lakini naona nikiliacha nitaanza kulikumbuka vibaya, nikimwongezea mmoja makosa na kumpunguzia mwingine. Basi naliandika hivyo hivyo lilivyokuwa.

Kazi yangu ni kupiga pasi nguo za waigizaji. Tanga nilikuwa dobi, na London ni dobi vilevile, ila hapa pasi haina makaa na nguo ni za wafalme wa kuigiza. Jumba letu la michezo ni kubwa, watu wanapanda ndege kuja kutazama. Chini ya jukwaa kuna chumba cha kufulia, na humo tulikuwa wawili: mimi, na mama mmoja wa Mombasa ambaye kwa umri ni mkubwa kwangu, namwita dada. Yeye anafua, mimi napiga pasi. Mashati yanalowa jasho kila onyesho, kwa hiyo yanafuliwa kila siku. Makoti ya mahameli hayafuliwi. Yanapuliziwa vodka iliyotiwa maji, inakata harufu. Chupa hiyo dada hakuigusa hata mara moja. Nikianza kupulizia, yeye anasogea mlangoni na ushungi puani.

"Watu hawa," atasema, "hawakutosheka kulewa wao, wanalewesha na makoti."

"La mfalme ndilo linalokunywa zaidi, dada."

"Ndiyo maana kila jioni anauawa."

Mkurugenzi wa sanaa ndiye anayeamua michezo gani ichezwe, nani aiongoze, na fedha zielekee wapi. Yule wa zamani alipotangaza kuondoka watu walilia kwenye ngazi. Mimi sikulia. Alikuwa mtu mzuri, alinisalimia kwa adabu, lakini sikulia. Mpya alipopatikana tuliitwa wafanyakazi wote, tukakaa kwenye viti vya watazamaji, naye akasimama jukwaani bila karatasi. Ni mwanamke, Mhindi, amezaliwa hapa hapa na kukulia Kingsbury. Akasema babu na bibi yake walitoka Mombasa. Halafu akasema kwa Kiswahili, "Asanteni sana, nimefurahi kuwa pamoja nanyi."

Ukumbi mzima ukageuka kututazama sisi wawili, kama vile zawadi imekuja kwa jina letu. Fundi wa taa aliyekaa nyuma yangu akanipiga bega, akaniambia bila shaka leo nina furaha. Nikamwambia ndiyo. Nilijipekua kifuani nione kama ni kweli, sikuona furaha, wala chuki sikuiona. Nilikuwa nawaza kola za mashati. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga.

Dada yeye alifurahi kweli. "Yule mtoto wa kwetu," akasema tukishuka. "Umeona anavyosema 'nanyi'? Amefunzwa na mtu mzima yule."

Baada ya hapo mkuu wetu wa mavazi, Mwingereza mmoja mpole, akaja chini na kutuwekea mambo wazi. Watu wa hesabu walikuwa wanataka kazi ya kufua ipelekwe nje: gari la kampuni lichukue nguo chafu asubuhi, lizirudishe mchana zikiwa safi. Pasi ingebaki, kwa sababu nguo zikisafirishwa zinajikunja. Kwa hiyo mimi ningebaki, dada angeondoka. Lakini, akasema, halijaamuliwa. Mkurugenzi mpya anataka kwanza kuisikiliza kila idara. "Nendeni nyinyi wenyewe," akatuambia, "mna lugha moja naye." Alisema kwa nia njema, na mimi namwandikia hivyo.

Niseme kilichokuwa kinamuuma dada. Anaishi Kilburn na mjukuu wake wa kike, ambaye mama yake anahudumia wazee katika mji wa mbali. Asubuhi dada anampeleka mtoto shule, ndipo anapanda treni kuja kazini, na alasiri anawahi kumchukua. Shifti yetu ya mchana ilikuwa kama imekatwa kwa kipimo cha mtoto yule. Kazi nyingine alizoonyeshwa ni za kusafisha maofisi huko Croydon, zinaanza kabla hakujapambazuka.

"Na mtoto nimwachie nani?" alikuwa akiniuliza. "Friji?"

Siku ya kuonana na mkurugenzi tulikwenda pamoja kwenye treni, tukapanga. Yeye ndiye angesema, mimi ningekaa pembeni kama shahidi.

"Usinidakie maneno," akaniambia. "Mkubwa anaposema mdogo anasikiliza."

"Sawa, dada."

"Na usikae unatikisa mguu. Unaonekana kama unadai."

Ofisi ilikuwa juu kabisa, ina dirisha la kuonyesha mto. Mkurugenzi alitoka nyuma ya meza, akaja mpaka mlangoni, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za kazi?"

"Nzuri."

"Habari za huko chini? Mnaendeleaje?"

"Salama. Alhamdulillahi."

"Hakuna shida?"

"Hakuna, labda kwako. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, yuko Kingsbury. Nikimwambia nimeongea Kiswahili kazini hataamini."

"Msalimie sana. Na nyinyi Mombasa mlikuwa mtaa gani?"

"Bibi alikuwa na duka la vitambaa Mtaa wa Biashara."

"Ala. Upande wa msikitini au upande wa juu?"

Wakaingia huko. Dada akauliza duka lilikuwa na mlango wa rangi gani, mkurugenzi akacheka, akasema hajawahi kuliona, ila kwenye picha ni kijani. Dada akasema basi huenda alinunua humo kitambaa cha harusi ya dada yake. Wakataja bhajia na achari ya maembe. Mkurugenzi alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, macho yanang'aa, Kiswahili chake kinatoka kwa uangalifu kama mtu anayebeba sahani nyingi. Nilimpenda. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Mimi nilijua tuko wapi. Dada alikuwa bado barazani, hajaingia ndani. Kwetu mtu akikuuliza habari unasema nzuri hata kama nyumba inaungua. Unauliza wa kwao, unauliza afya, chai inakuja, na kikombe kikifika nusu ndipo unakiweka chini na kusema, "Sasa mwanangu, nina jambo." Nilimwona dada akiangalia mlango, nikajua anasubiri chai.

Mlango ukagongwa. Alikuwa katibu, akasema idara inayofuata imefika. Mkurugenzi akasimama, akamkumbatia dada. "Nimefurahi sana kusikia mko salama huko chini," akasema. Dada alikuwa amefungua mdomo. Akaufunga. Tukajikuta kwenye korido.

Sijui kama ningepaswa kusema. Nimelifikiria mara nyingi. Nilikuwa nimeambiwa nisidakie, na kumdakia mkubwa mbele ya mwenyeji ni kumvua nguo. Lakini pia kinywa ninacho.

"Mbona kasimama?" dada akauliza kwenye ngazi.

"Muda umekwisha, dada."

"Muda wa nini?"

Nikasema turudi tukaombe tena. Akakataa. Akasema mtu aliyefunzwa vizuri namna ile atatuita mwenyewe, kwa sababu anajua mazungumzo hayajaanza. Aliamini hivyo kabisa. Wiki ile yote alikuwa anafua huku anasikiliza simu ya ukutani.

Simu haikulia. Akaja mkuu wa mavazi, akasimama karibu na mashine na mikono mifukoni, akasema limeamuliwa, kufua kunakwenda nje. Alikuwa amemuuliza mkurugenzi kwa nini, akajibiwa kuwa watu wa hesabu walilalamika, na wa chumba cha kufulia, walipoulizwa kwa lugha yao wenyewe, walisema hawana shida yoyote. Kwa haki, mtu ukimwekea maneno hayo mawili mezani, hilo la pili halizuii la kwanza.

Dada akauliza, "Kasema tumesema hatuna shida?"

"Ndivyo alivyosema."

Akaendelea kutoa mashati kwenye mashine, moja moja, akiyakung'uta. Nami nikaendelea na pasi. Nilijua hapa mtu anatakiwa kukasirika. Nikangoja hasira ije, haikuja. Ulikuja mvuke wa pasi tu.

Siku chache baadaye mkurugenzi alishuka chini mwenyewe. Hakuitwa na mtu, na hilo nataka lijulikane. Mkuu wa mavazi alikuwa amemweleza habari za mjukuu. Alikuja mchana, mkononi ana mfuko wa chevda, vile vitafunio vya Kihindi vya chumvi, kutoka duka moja la Kingsbury Road, akasimama katikati ya nguo zinazoning'inia akiwa hajui auweke wapi.

"Mama," akasema, "mbona hukuniambia? Nilikuuliza kama kuna shida."

Dada alikuwa anakunja taulo. Hakuinua macho. "Tulikuwa bado tunasalimiana."

Mashine ilikuwa inazunguka. Mkurugenzi akatazama mashine, akanitazama mimi, mimi nikatazama pasi.

"Mimi sikujua," akasema polepole. "Nyumbani wageni wa bibi wakija tulikuwa tunaitwa sebuleni, tunasalimia wote. Shikamoo, habari, nzuri. Halafu tunaambiwa, haya, nendeni juu mkacheze. Kila mara. Sijawahi kukaa mpaka mwisho."

"Nilidhani umefunzwa yote," dada akasema.

"Nilifunzwa mpaka hapo."

Dada akaweka taulo chini. Akavuta kile kiti chetu kibovu, akakifuta kwa mkono, akamwonyesha akae. Mkurugenzi akakaa. Dada akafungua chupa yake ya chai ya tangawizi, akammiminia kwenye kifuniko, kwa sababu vikombe vilikuwa viwili tu na kimoja nimekitia vifungo. Akamngoja anywe. Kisha akasema, "Sasa mwanangu, nina jambo."

Akalisema lote. Mtoto, shule, treni, alasiri, Croydon. Hakupandisha sauti. Ile ya friji hakuisema, nadhani aliona imeshachakaa. Mkurugenzi alisikiliza bila kuangalia saa, na pale Kiswahili kilipomshinda alinigeukia mimi, nikamweleza neno, akarudi kwa dada.

Halafu akasema ukweli, na nadhani ulimgharimu. Mkataba na kampuni ya nje ulikuwa umeshasainiwa, na mashine zimeshapata mnunuzi. Angeweza kumpa kazi ya jioni, kuwavisha waigizaji nyuma ya jukwaa.

"Jioni mtoto anakula na nani?"

Mkurugenzi akatazama chai iliyobaki kwenye kifuniko.

"Na nyinyi mmeweka saini lini?"

"Jumatatu."

"Sisi tulikuja kwako Alhamisi ya kabla."

"Ndiyo, mama."

"Basi," dada akasema. "Nimekwambia, umenisikia. Kunywa chai, inapoa."

Akanywa mpaka ikaisha. Alipoondoka macho yake yalikuwa mekundu, ya dada yalikuwa makavu, na yangu sijui, sikuwa na kioo. Ule mfuko tuliufungua. Dada akaonja, akasema chumvi imezidi, akala tena, akafunga iliyobaki ampelekee mjukuu.

Mashine zilitoka kwa kuvutwa na mikanda, zikaacha miraba myeupe sakafuni. Mkurugenzi alizungumza na mama yake, na mama yake akazungumza na mwenye duka la nguo huko Kingsbury. Sasa dada anapunguza suruali za watu na kushona pindo za sari, mchana, lakini siku za kazi kwa wiki si nyingi kama za hapa. Nikimpigia anasema ni afadhali. Anasema mwenye duka ni Mhindi wa Kampala, wanapomaliza kusalimiana adhuhuri imeingia. Juzi niliongea na yule mtoto, nikamuuliza bibi hajambo, akanijibu kwa Kiingereza kuwa yuko sawa. Nikamwambia mwanangu, useme hajambo. Akasema sawa, kwa Kiingereza.

Mchezo wa kwanza wa mkurugenzi mpya umesifiwa sana. Nimeutazama kutoka pembeni ya jukwaa na kwa kadiri ya elimu yangu ni mzuri. Mashati yanarudi mchana ndani ya nailoni, safi, yana harufu ya kitu ambacho si sabuni. Nayapiga pasi. Makoti nayapulizia, hakuna wa kusogea mlangoni.

Mara moja moja nakutana na mkurugenzi kwenye korido, watu wanamfuata na makaratasi. Anasimama. "Shikamoo, baba," ananiambia. "Habari za kazi?"

"Nzuri," nasema.

Zamani angetabasamu na kupita. Sasa haondoki. Anawaashiria wale watu watangulie, anaegemea ukuta, ananitazama, anangoja sehemu inayofuata. Anangoja kweli. Nami najipekua kifuani nione kama kuna kitu cha kumpa, baada ya yeye kujifunza kungoja kwa gharama ya mtu mwingine.

"Mama yako hajambo?" namuuliza.

"Hajambo," anasema, na anaendelea kungoja.