Sonara wa Kibiti na uso wa fedha unaotoa machozi

Saa mbili asubuhi, mjini Kibiti, Salama Kondo anafungua kabati la duka lake la usonara. Anatoa sarafu iliyofungiwa kwenye kiboksi cha plastiki, anaiweka mezani na kurudi nyuma hatua moja.

"Tazama tu," anasema. "Usiiguse."

Kwenye sarafu kuna uso wa mwanamke. Chini ya jicho lake yametoka madoa mawili meupe, kama matone ya maziwa. Kiboksi hakijawahi kufunguliwa.

Salama, 51, alifundishwa kufua pete na bangili na marehemu baba yake. Wateja wa bangili wamepungua, kwa hiyo siku hizi hukagua pia sarafu za madini ya fedha, zile ambazo watu hununua kama akiba, kwa niaba ya mnunuzi wa Dar es Salaam.

Sarafu hizo hupewa alama na wakaguzi, kisha hufungiwa kwenye kiboksi. Isiyo na kasoro hata moja hupata sabini, alama ya juu kabisa. Mkwaruzo huishusha, na doa huishusha zaidi.

"Doa la maziwa ndilo linalonitisha," anasema. "Kiwandani hawakuisuuza vizuri dawa ya kusafishia, ikabaki ndani. Sarafu inapewa alama ikiwa safi, inafungiwa, halafu miaka inapita, inaanza kuugua yenyewe."

Hayo aliyajua kwa kusikia tu, hadi alipofika Mwantumu Yassin kutoka kijiji cha Mbuchi.

Mume wa Mwantumu alikuwa baharia. Alimletea mkewe sarafu kama hiyo kutoka safarini, kisha akarudi melini na kufia baharini. Maiti haikuonekana.

Mwantumu alikaa eda chumba kimoja na sarafu hiyo. Siku moja aliona doa chini ya jicho. Kabla eda haijaisha, likatoka la pili.

"Majirani walisema marehemu analia kwa sababu hakuzikwa," anasimulia Mwantumu. "Shemeji akataka itupwe mtoni. Mie sikuweza kulala nayo, wala sikuweza kuitupa. Nikamwambia dada Salama, iyeyushe, nipumzike."

Salama aliwasha moto. Kabla ya kuitia sarafu motoni, akaitazama kwa lenzi. Sikio la yule mwanamke halikuwepo.

"Limefutika tangu afe," Mwantumu akanong'ona.

"Hapana, bibie. Halikuwahi kuwepo. Mafuta yaliganda kwenye chapa ya kugongea sarafu, yakaziba mahali pa sikio, ikatoka hivyo. Na haya si machozi, ni dawa ya kiwandani. Ngoja nikuoneshe iliyo safi."

Akaenda kabatini kuchukua sarafu yake mwenyewe, ya kiwanda kilekile na mwaka uleule, iliyokwisha kupewa alama sitini na tisa. Alikuwa akiitunza ili siku moja aiuze na kupanua duka.

Ilikuwa na madoa mawili. Chini ya jicho lilelile.

"Nywele zilinisimama," anasema Salama. "Najua ni dawa. Lakini kwa nini palepale?"

Mwantumu aliitazama kwa muda mrefu, kisha akacheka huku analia.

"Kumbe hata ya asiyefiwa na mume inalia," akasema. "Basi si yeye. Nipe yangu, niende nayo nyumbani."

Moto ukazimwa. Mnunuzi wa Dar es Salaam alipotumiwa picha, alijibu kwamba sasa sarafu ya Salama atainunua kwa bei ya uzito wa madini tu, bila kujali alama. Salama hakuiuza; ndiyo hii iliyo mezani.

Kabla ya kuondoka, Mwantumu alimwambia kwamba mabaharia wengine wa meli ile walileta sarafu kama hizo. Wake zao wamezigeuzia ukutani, na hawasemi kwa nini.

Mvua zikipungua, Salama anapanga kwenda Mbuchi na lenzi yake.

"Na ukizikuta zote zinalia?" anaulizwa.

Anairudisha sarafu kabatini.

"Nitawaambia ukweli, kwamba ni dawa ya kiwandani," anasema. "Kisha nitaomba mkeka nilale hukohuko. Ukweli wa mchana ni mwepesi. Usiku mtu anataka mwenziwe."