Barafu Nyekundu za Bigwa

Naona aibu kuandika hili, na naandika taratibu kwa sababu kila nikifika kwenye neno barafu natamani kufuta, lakini kwa kuwa Bigwa nzima imeshajua, bora mlisikie kwangu.

Mjomba ana karakana ya useremala Dumila, na mwezi wa saba alikuja kwetu na mkewe na binti yao Skola, akitafuta kijana wa kumwachia funguo anaposafiri. Mama alinipigia debe mpaka koo likamkauka ("mwanangu hasemi sana, lakini akisema ni kweli tupu"), mimi nimekaa natazama vidole vya miguu, kama kawaida yangu. Ndipo Skola akatuonyesha kwenye simu maporomoko ya Ulaya yaliyoganda, barafu zinaning'inia kama mishumaa, na mimi ambaye siku nzima sijafungua mdomo nikasema, "Mbona hata yetu huko juu Uluguru huwa yanaganda."

"Umeyaona?" Mjomba akauliza.

"Nimeyaona."

"Basi kesho tunapanda wote."

Mtu mwenye akili angesema ni utani (Skola ni binamu yangu, utani ruksa), lakini mimi niliwaza funguo. Mama huuza barafu za ubuyu, zile ndefu za kwenye nailoni, kwa hiyo nikajaza nailoni zangu maji matupu nikaziweka kwenye friji, asubuhi nakuta umeme ulikatika, zangu bado maji, na zilizoganda ni zile nyekundu za mama za juzi. Nikajiambia wekundu utaoshwa na maporomoko. Nikazimenya, nikazipanga kwenye hotipoti, nikaizungushia kanga mbili, nikatangulia mbio eti naenda kukagua njia. Kule juu nikazichomeka kwenye nyufa za mwamba, kando ya maji, na niseme ukweli, zilipendeza.

Wakafika na masweta yao, wanahema. Mama Skola akasimama chini ya mwamba apigwe picha, tone jekundu likamdondokea shavuni, la pili kwenye sweta jeupe. Akafanya ishara ya msalaba.

"Baba Skola, mwamba unatoa damu."

Mjomba akavua kofia. Kina mama wawili waliokuwa wakishuka na matenga ya kabichi kichwani wakasimama, mmoja akaanza Salamu Maria, na mimi nikaitikia (ningefanyaje?).

Skola peke yake hakusali. Alichomoa moja akailamba.

"Hii ina iliki. Ni ya shangazi, jana nimekula mbili."

Mama mmoja wa kabichi akashusha tenga lake.

"Kijana, unauzaje?"

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani mabichi. Tulizila zote palepale, kwenye baridi ile, meno yanagongana, midomo myekundu, Mama Skola wa kwanza kuomba ya pili.

Tukiwa tunashuka nilimsogelea. "Mjomba, nilidanganya. Sijawahi kuyaona yameganda."

"Hilo ubuyu umeshasema." Akafuta machozi ya kicheko. "Lakini aliyepandisha barafu mlima huu zisiyeyuke anajua kufungasha. Utakuja Dumila kunifungashia makabati. Funguo zitabaki mfukoni mwangu."

Sasa niko Dumila, na wateja wananiita Barafu (asante Skola). Akiniuliza mtu kama Uluguru kuna baridi, namwambia abebe sweta, halafu nafunga mdomo.