Bibi Aliyeshikwa Mikono Miwili

Nilikwenda hospitali kumjulia hali dada yangu. Kwenye kitanda cha jirani alilazwa bibi wa Mji wa Kale, ametoka kuzibwa mshipa uliokuwa ukimvuja damu tumboni, kwa mrija mwembamba uliopitishwa kwenye kifundo cha mkono. Daktari kijana anayesomea ubingwa wa kazi hiyo alikuwa bado amekibana kifundo kwa vidole.

Mume wa bibi akaingia mbio.

“Mwanangu, nipe mkono wa mke wangu.”

“Niwie radhi, baba. Nikiuachilia, damu itatoka.”

Mzee akazunguka kitanda, akaushika mkono wa pili.

Bibi akafumbua macho, akawatazama. “Haya, uzeeni ndipo nagombewa.”

Daktari akacheka, vidole visisogee. Mzee akalia.

Ubingwa huo, nasikia, husomewa miaka mingi. Siku ile niliona wamefaulu wawili.