Ulezi wa Nje ya Kamba

Shemeji yangu, mwalimu mstaafu, alichora kijiji cha ndoto zake nyuma ya kalenda ya zamani, akakileta kwenye mkutano wa kitongoji. Mashamba yetu ya upande wa hifadhi alikuwa ameyaunganisha kuwa shamba moja: mahindi matupu, kupanda pamoja, kulinda kwa zamu, kuvuna pamoja. Kulizunguka, kamba zenye vitambaa vilivyolowekwa pilipili na oili chafu, harufu ambayo tembo hawaipendi. Kwenye mchoro ule hakuna aliyechelewa, hakuna mvivu, hata mbwa hakuna. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, kwa sababu tembo walikuwa wametuchosha kweli.

Kisha nikasimama, nikauliza ulezi wangu uko wapi.

Ulezi wangu huchelewa kuiva. Mahindi yakishaingia ndani, wenyewe bado uko shambani, na tembo wakijua kuna kitu kimebaki hawaondoki. Wanazungukazunguka mpaka kwenye maghala ya watu. Shemeji alinieleza hayo kwa upole, na alisema kweli. Lakini mbegu ile nilipewa na mama yangu nilipoolewa, nami si mtu wa kupangiwa nile nini. Nilikasirika, nasema wazi.

"Shemeji, kwenye kijiji chako mimi ninakula nini?"

"Utakula kama wenzako, shemeji."

"Basi sihamii."

Watu walicheka, lakini tulibishana mpaka jua likawa kali. Mwisho tukaelewana. Mahindi ningelima na wenzangu, ulezi ningeupanda kwenye kipande changu nje ya kamba, upande wa hifadhi, ili tembo wakija waishie kwangu. Nami kwa jeuri yangu nikaongeza kwamba wakija sitapiga yowe, hasara itakuwa yangu. Kwetu yowe si mchezo. Anayelisikia huacha alichoshika akakimbia, asipokwenda anatozwa faini. Niliona nimewapunguzia mzigo mkubwa, nikarudi nyumbani kifua mbele.

Tembo walikuja asubuhi moja, mahindi yakiwa yameshavunwa. Nilisimama kwenye kamba, mikono kiunoni, nikiwatazama wanavyong'oa. Nyuma yangu nilisikia wanawake wakitwanga na kuchekeana majumbani. Yowe lilinifika kooni nikalimeza. Iliniuma sana, lakini neno nilikuwa nimelitoa mwenyewe. Walipoondoka, nusu ya ulezi haikuwepo.

Habari ikaenea. Nilitegemea pole, au kicheko. Wifi yangu, mke wa shemeji, alifika akilia kwa hasira.

"Tembo wanamla mtu wetu, sisi tunatwanga! Watu wakisikia watatuitaje?"

"Tulikubaliana," nikamwambia.

Shemeji, aliyekuja nyuma yake, akajibu kwa niaba yake. "Tulikubali upande wa kulima tu. Hilo la kunyamaza tulidhani ni hasira tu."

Wakanitoza faini ya kutopiga yowe: nipike uji wa kitongoji kizima, kwa ulezi uliobaki. Nilipika huku nikilalamika kwamba faini ile ni ya uonevu, na mpaka leo nasema ilikuwa ya uonevu. Walikunywa, wakakomba sufuria.

Kijiji ambacho kila mtu anakula kimoja sikitaki, na sitakitaka. Kwa hiyo msimu uliofuata nilipanda ulezi tena, palepale nje ya kamba. Tembo walipotokeza kwenye vichaka nilipiga yowe mpaka sauti ikakauka. Wa kwanza kufika alikuwa shemeji, kiatu kimoja mguuni, anagonga debe kwa nguvu zote na kunitukana kwa Kiikoma, lugha yetu ya nyumbani.